SOMO: Kichwa, ganda, baruti na fataki kwa .308 ya shabaha za mbali

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa inboksi mara tano "nianze na baruti gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia linki. Somo ni kujijazia risasi mwenyewe: kichwa ndicho kinachoruka, ganda ndilo linaloshika vyote, fataki ni kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Niko Ohio, napiga shabaha kwa bunduki ya risasi za .308 Winchester, yadi 600 hadi 1,000 (mita 914).

1. Nunua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa kichwa. Kabla ya mashine ya kujazia.

2. Ujue mtutu wako. Wangu unaizungusha risasi mara moja kila inchi 10. Kichwa kirefu kinataka mzunguko wa haraka, la sivyo kinayumba.

3. Anza na kichwa, vingine vitakifuata. Natumia Sierra MatchKing ya greni 175 (greni ni kipimo cha uzito, 15 hivi ni gramu moja).

4. Baruti: iliyotajwa kitabuni kwa kichwa hicho. Mimi Varget, maana asubuhi ya baridi na jua la mchana haviigeuzi sana. Soma jina lote. H4350 na IMR 4350 zina namba moja ila ni baruti mbili.

5. Fataki kubwa za bunduki, si za bastola. Aina moja tu.

6. Ganda. Hapa ndipo nilipoharibu. Maganda yangu ya kawaida, ya kampuni ya Lapua, yaliniishia usiku wa kuamkia mashindano, nikachukua ya jeshi ya 7.62 niliyookota uwanjani. Yanaingia chemba ileile, basi nikajaza baruti ileile. Risasi ya tatu, boliti (kifungio cha chemba) ikagoma. Nikaigonga kwa kiganja mpaka mkono ukafa ganzi. Ganda lilipotoka, fataki ilikuwa bapa kama sarafu, na kitakoni pana alama inayong'aa. Ganda la jeshi huwa na kuta nene: kwa nje ni sawa, ndani nafasi ni finyu, hivyo baruti ileile inaleta mgandamizo mkubwa zaidi. Nilipoyapima uzito, la jeshi lilizidi la Lapua kwa greni 14. Ukibadilisha CHOCHOTE, hata kopo jipya la baruti ileile, rudi asilimia 10 chini ya kiwango cha juu cha kitabu, kisha uongeze polepole. Boliti ikiwa nzito, acha hapohapo. Hakuna "moja ya mwisho". Zilizobaki nilizing'oa vichwa kwa nyundo ya kazi hiyo, moja moja, mpaka alfajiri.

MASWALI

– Mkuu nitajie tu greni za baruti, kitabu sina muda nacho.
Sitaji. Hatua ya 1.

– Kwa nini 175? Huku 168 ndiyo inapatikana kirahisi.
Swali zuri hili. 168 ya Sierra ilibuniwa kwa mashindano ya mita 300. Mkia wake umechongwa kwa nyuzi 13, wa 175 ni nyuzi 9. Kichwa kikipungua kuelekea mwendo wa sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, 168 huanza kupepesuka, na kwa .308 hilo hutokea kabla ya yadi 1,000. Nimewahi kuona karatasi yenye tundu refu kama tundu la ufunguo: kichwa kimefika kikiwa ubavu. Yadi 600 itumie bila wasiwasi.

– Hatua ya 6 si uzembe wako tu? Jamaa yangu anachanganya maganda miaka yote.
Ni uzembe wangu, ndiyo maana nimeuandika. Jamaa yako akipiga, wewe kaa pembeni yake. Mimi siji.

– Unauza za kujaza?
Siuzi. Marekani kujijazia mwenyewe ni ruksa, kuuza kunataka leseni.

– Mizani yangu ya kielektroniki haitulii, namba zinacheza.
Zima feni, weka simu mbali, iache iwake nusu saa kabla ya kupima. Kisha ikague kwa jiwe la kupimia kila baada ya risasi kumi.

– Kwangu ilikuwa taa ya tyubu juu ya meza. Niliihamishia mizani chumba cha kufulia, ikatulia. Mama watoto ndiye hajatulia.