Namna ya kuelewa nani anakalia kiti cha rais wa Marekani akiondoka, bila kukariri orodha

Ikitoka tu habari kwamba rais wa Marekani kalazwa, vijiwe vya kahawa huku kwetu Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, vinachangamka, mmoja atasema anafuata makamu na baada ya makamu ni waziri wa mambo ya nje, mwingine atasema hapana wakikosekana wote wawili inarudiwa kura, wa tatu atasema jeshi linashika nchi. Wa tatu huyo hajawahi kuwa sahihi mwaka wowote ule. Ila hao wawili wa kwanza wote wako sahihi, tatizo ni miaka tu, wa waziri wa mambo ya nje yuko sahihi kuanzia 1886 mpaka 1947 na wa kurudia kura yuko sahihi kuanzia 1792 mpaka 1886. Ndo maana nawaambia vijana wa mdahalo kila siku, hili somo ukilikariri kama orodha litakutoka ndani ya wiki, inabidi ulisome kwa matukio, maana kila sheria waliyotunga hawa jamaa waliitunga baada ya kushtuka.

Chukua daftari, chora safu tatu, ya kwanza mwaka, ya pili kilichotokea, ya tatu walichorekebisha, na safu ya tatu ukiona haina kitu usiijaze kwa nguvu, iache wazi kwa sababu hapo ndo penye somo lenyewe.

Kama unafundisha wengine anza na kwetu. Machi 17, 2021 tulitangaziwa kifo cha Rais Magufuli, Machi 19 mama Samia akaapishwa, halafu jina la Dkt. Philip Mpango likapelekwa bungeni, Machi 30 wabunge wakalipitisha na kesho yake akaapishwa kuwa makamu. Huku Kigoma hakuna asiyekumbuka hiyo kwa sababu alikuwa mbunge wa Buhigwe, mtoto wa nyumbani. Sasa waulize wanafunzi kwa nini lilienda haraka hivyo bila ugomvi, jibu liko ibara ya 37 ya Katiba yetu, makamu anashika urais na kumalizia muda uliobaki, kisha anapendekeza makamu mpya na Bunge linathibitisha. Wakishaelewa hapo waambie hicho kipande cha pili, cha kujaza kiti cha makamu, Marekani hawakuwa nacho tangu wameanza na George Washington 1789 mpaka 1967. Kiti cha makamu kikibaki wazi kilikuwa kinabaki hivyohivyo mpaka uchaguzi ujao, na kilibaki wazi mara 16, makamu saba walifariki wakiwa kazini, mmoja alijiuzulu ambaye ni John Calhoun mwaka 1832, na wanane walipanda kuwa marais. Ukiielewa hii hesabu umeshaelewa nusu ya historia nzima.

Baada ya hapo rudi kwenye Katiba yao ya 1787, na hapa usikimbie. Iliandikwa kwamba rais akifa, akijiuzulu, akiondolewa au akishindwa kazi, "hiyo" inahamia kwa makamu. Hiyo nini? Ni urais wenyewe au ni majukumu tu? Hawakusema wazi, na kwa miaka zaidi ya hamsini hakuna aliyelazimika kujibu. Mpaka rais William Henry Harrison alipoapishwa Machi 4, 1841 na kufariki Aprili 4, mwezi mmoja kamili. Makamu wake John Tyler akaja Washington akasema mimi sio kaimu, mimi ni rais, akaapa, akahamia Ikulu, na barua zilizoandikwa "kwa kaimu rais" akawa anazirudisha bila kuzifungua. Wapinzani wake walimwita rais wa bahati mbaya ila hakurudi nyuma hata hatua moja. Mimi naona huyu Tyler ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye hadithi hii, kwa sababu kila makamu aliyepanda baada yake alipita njia aliyoipasua yeye, na haikuandikwa kwenye Katiba mpaka miaka 126 baadaye. Kwenye daftari lako 1841 safu ya tatu andika: hakuna sheria, ni msimamo wa mtu mmoja.

Sasa zije sheria tatu, na kila moja itafutie hofu yake.

Ya 1792 hofu yake ilikuwa Thomas Jefferson. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, na watu wa upande wa Alexander Hamilton, waziri wa fedha, hawakutaka kabisa afuate baada ya makamu, kwa hiyo wakaweka rais wa muda wa Seneti, akifuatiwa na Spika wa Baraza la Wawakilishi (Seneti na hilo Baraza ndo mabaraza mawili ya Bunge lao), na hao wangeshika kwa muda tu wakati uchaguzi maalum unaandaliwa. James Madison alilalamika tangu siku hizo kwamba Katiba inataka "ofisa" na mbunge sio ofisa wa serikali, na huo ubishi mpaka leo wanasheria wao wanao. Nani huyo rais wa muda wa Seneti? Makamu wa rais ndo mwenyekiti wa Seneti kikatiba, asipokuwepo maseneta wanachagua mwenzao wa kukalia kiti, siku hizi kwa desturi ni mkongwe wa chama chenye viti vingi.

Hiyo sheria karibu itumike mara mbili. Februari 28, 1844 Tyler huyuhuyu, hana makamu, alikuwa ndani ya meli ya kivita Princeton na wageni wake, mzinga ukapasuka ukaua watu pamoja na waziri wake wa mambo ya nje na wa jeshi la majini, yeye alikuwa chini ya sitaha akapona. Mwaka 1868 ndo mbaya zaidi, rais Andrew Johnson alishtakiwa na Bunge na kura ya Seneti ikawa 35 kwa 19, na kwa kuwa inatakiwa theluthi mbili ilipungua moja tu kumng'oa, na hakuwa na makamu, kwa hiyo aliyekuwa anasubiri kiti ni Benjamin Wade, rais wa muda wa Seneti, na Wade mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopiga kura ya kumwondoa! Waambie wanafunzi wasimame hapo wajadili, mtu anapiga kura ya kumtoa mwenzake ili akae yeye, hiyo ni haki? Mdahalo mzuri kuliko huo sijauona kwenye somo hili.

Kilichoua sheria ya 1792 ni vitu viwili vilivyofuatana. Rais James Garfield alipigwa risasi Julai 2, 1881 akateseka mpaka akafa Septemba 19, na makamu wake Chester Arthur alipoapa hapakuwa na makamu, hapakuwa na rais wa muda wa Seneti, hapakuwa na Spika, maana Bunge jipya lilikuwa halijakaa. Yaani Arthur angekufa wiki hiyo hapakuwa na mtu yeyote. Halafu Novemba 1885 makamu Thomas Hendricks akafariki, tena Bunge halijakaa, viti vyote vitatu wazi kwa mara nyingine. Januari 1886 wakapitisha sheria mpya, wabunge wakatolewa kabisa, wakawekwa mawaziri kuanzia wa mambo ya nje kushuka chini, kwa sababu mawaziri wapo mwaka mzima.

Katikati hapa usiache kumtaja Woodrow Wilson hata kama hakuna sheria iliyotoka. Oktoba 1919 alipata kiharusi kikubwa, akabaki rais mpaka Machi 1921, mkewe Edith ndo alikuwa anaamua karatasi gani zimfikie, na makamu Thomas Marshall hakuthubutu kuchukua madaraka. Orodha ilikuwepo ila orodha haisaidii kitu kama hakuna utaratibu wa kusema "rais hawezi". Andika 1919, pengo, safu ya tatu wazi. Na ukipata nafasi waambie wadogo habari ya makamu Calvin Coolidge, usiku wa Agosti 3, 1923 alikuwa kijijini kwao Vermont ambako hata umeme haukuwepo nyumbani, habari ikafika kwamba rais Warren Harding amefariki, baba yake ambaye kazi yake ilimruhusu kuapisha watu akamwapisha mwanae saa nane na dakika arobaini na saba usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mtoto wa kijijini akisikia hiyo haisahau.

Sheria ya 1947 ni ya Harry Truman. Rais Franklin Roosevelt alifariki Aprili 12, 1945, makamu wake Truman akapanda, hana makamu, na aliyekuwa anafuata ni waziri wa mambo ya nje ambaye anateuliwa na rais. Truman akasema sio demokrasia mimi kuchagua mwenyewe wa kunirithi, tuweke Spika maana yeye amechaguliwa na wananchi. Wakati anapendekeza Spika alikuwa wa chama chake cha Democratic, Sam Rayburn. Uchaguzi wa 1946 ukageuza Bunge, Spika akawa Joseph Martin wa Republican, na bado Truman akasaini Julai 18, 1947. Hapo nampa heshima yake yote, alisaini sheria iliyomweka mpinzani wake nafasi ya pili kwenye foleni, wakati nafasi ya kwanza, ya makamu, ilikuwa wazi. Hiyo ndo inatumika mpaka leo: makamu, Spika, rais wa muda wa Seneti, halafu mawaziri.

Novemba 22, 1963 rais John Kennedy anauawa Dallas, makamu wake Lyndon Johnson anashika, na watu wanaangalia nyuma yake wanaona Spika John McCormack mwenye miaka 71 na rais wa muda wa Seneti Carl Hayden mwenye 86, na Johnson mwenyewe alishawahi kupata ugonjwa wa moyo. Miezi 14 bila makamu. Kutokana na hofu hiyo yakaja Marekebisho ya 25 ya Katiba, yakakamilika Februari 10, 1967, na hayo yasome vifungu vyote vinne kwa sababu vinajaza mapengo yote uliyoyaacha kwenye daftari. Cha kwanza kinamhalalisha Tyler, makamu anakuwa rais, sio kaimu. Cha pili ni kama chetu, rais anapendekeza makamu na mabaraza yote mawili yanathibitisha. Cha tatu rais anakabidhi kwa muda kwa barua, mfano Novemba 19, 2021 Joe Biden alipochomwa dawa ya usingizi kwa uchunguzi wa tumbo, Kamala Harris alikaimu dakika 85. Cha nne ndo dawa ya Wilson, makamu pamoja na wengi wa mawaziri wanaweza kutamka kwamba rais hawezi, rais akibisha Bunge linaamua kwa theluthi mbili kila baraza, na hicho hakijawahi kutumika. Sisi nasi tuna njia yetu hapo, ibara ya 37 hiyohiyo inaanzia Baraza la Mawaziri, inampitia Jaji Mkuu na bodi ya madaktari, kailinganishe mwenyewe uone ipi inakuridhisha.

Orodha ya mawaziri usikariri majina ya watu kwa sababu yanabadilika, shika kanuni moja tu: wizara iliyozaliwa mapema inatangulia. Mambo ya nje, fedha, ulinzi na mwanasheria mkuu mbele kwa sababu mizizi yao ni 1789, katikati kuna mambo ya ndani ambayo kwao ni ardhi na maliasili, kilimo, biashara, kazi, afya, nyumba, uchukuzi, nishati, elimu, kisha askari wastaafu, na wa mwisho usalama wa ndani, wizara iliyotokana na mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Jumla kuanzia makamu ni 18. Ila kabla hujamtaja mtu mpitishe kwenye chujio la Katiba, awe raia wa kuzaliwa, miaka 35, ameishi Marekani miaka 14. Henry Kissinger alizaliwa Ujerumani na Madeleine Albright alizaliwa Prague, wote walikuwa mawaziri wa mambo ya nje na wote wangerukwa. Spika naye akitaka kukaimu lazima kwanza ajiuzulu uspika na ubunge. Na wanapokusanyika wote kumsikiliza rais akihutubia Bunge, waziri mmoja anafichwa mbali makusudi ili likitokea la kutokea abaki mtu.

Ukimaliza kusoma jipime kwa swali hili, na ukiwa mwalimu wape darasa zima. Makamu Spiro Agnew alijiuzulu Oktoba 10, 1973. Siku mbili baadaye rais Richard Nixon akampendekeza mbunge Gerald Ford awe makamu. Tuseme Nixon anafariki Oktoba 20, nani anashika? Wengi wataandika Ford kwa sababu wanajua mbeleni Ford alikuwa rais, Agosti 9, 1974 Nixon alipojiuzulu, na ni mtu pekee aliyekuwa rais bila kuchaguliwa hata mara moja kwa tiketi ya urais wala umakamu. Aliyeandika Ford mkatie maksi, maana Ford alithibitishwa Desemba 6, kabla ya hapo ni mbunge tu aliyependekezwa. Jibu ni Spika Carl Albert, wa chama pinzani, kwa sheria ya Truman, na anayetaka maksi zote aongeze kwamba Albert angekuwa kaimu rais na angelazimika kuachia uspika kwanza.