SOMO: Namna ya kumuenzi mtafiti wa sarafu angali hai (hatua kwa hatua)

Wakuu, salaam kutoka Tabora. Tangu tulipomfanyia Mzee wetu ile shughuli yake, kila nikifungua simu nakuta swali lile lile: "Na sisi tunaye mzee wetu, ninyi mlifanyaje?" Naandika mara moja, kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwa wasiomfahamu: Mzee ni fundi mstaafu wa reli. Jina lake limo kwenye kijitabu chetu, ila hataki lizagae mtandaoni, nami namheshimu. Sehemu kubwa ya maisha yake ameitumia kuchambua sarafu zilizopigwa hapa kwetu mwaka 1916. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakitawala hapa: manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, fedha kutoka Ujerumani haziji, ndipo Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Lulanguru kuwa kiwanda cha sarafu. Wakapiga heleri 5 na heleri 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Za tembo zilipigwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini, na habari ya sarafu ikaishia hapo. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Mtu aliyejifunza habari hizo kwa kioo cha mkono na penseli anastahili kuenziwa, na anastahili kuenziwa vizuri.

HATUA YA 1. Mwombe ruhusa mwenyewe. Akikataa, basi.

HATUA YA 2. Ishirikishe familia mapema, hasa anayeshika funguo za kabati.

HATUA YA 3. USITENGANISHE SARAFU NA KARATASI YAKE.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo someni polepole. Kila sarafu ya Mzee imelala ndani ya bahasha ndogo ya kaki, na juu ya bahasha kuna mwandiko wa penseli: uzito, upana, ilitoka kwa nani, iliokotwa wapi. Moja niliyoishika imeandikwa hivi: "20 H, shaba nyekundu, taji kubwa, L ncha kali. Imetoka shambani upande wa Lulanguru, wakati wa kupalilia karanga." Itoe sarafu hiyo uichanganye na wenzake kwenye bakuli. Heleri 20 bado utakuwa nayo, lakini hutajua tena kwamba iliangukia jirani na karakana ilikopigwa. Alichokitafuta Mzee miaka yote kinakuwa kimepotea mchana kweupe, na sarafu yenyewe ipo mkononi mwako.

Nimeshuhudia familia moja ikifanya hivyo baada ya matanga. Sarafu zote za marehemu zilimwagwa kwenye beseni, zikasuguliwa kwa limau na majivu ili wageni wazione zinavyong'aa. Bahasha ziliwashia moto jikoni. Nia yao ilikuwa njema. Lakini hakuna aliyeweza kuirudisha hata moja mahali pake, na hazitarudi.

Basi shikeni haya. Fungua bahasha moja tu kwa wakati, na usifungue ya pili kabla ya kufunga ya kwanza. Tandika kitambaa kinene mezani ili sarafu ikiponyoka isiumie. Ishike kwa ukingo, si kwa uso. Piga picha ya mbele, picha ya nyuma, halafu picha ya tatu yenye sarafu na bahasha yake pamoja. Hiyo ya tatu ndiyo ushahidi wako siku mambo yakichanganyika. Namba iandikwe kwa penseli kwenye bahasha, na jina la picha kwenye simu liwe namba hiyo hiyo. Usioshe. Usisugue. Usipake dawa ya kung'arishia. Wala usizihamishie kwenye vimfuko vya plastiki laini kwa sababu vinaonekana nadhifu: vingi vina PVC, aina ya plastiki inayotoa kemikali, na baada ya muda shaba inaota utando wa kijani unaonata na kuila.

HATUA YA 4. Rekodi sauti yake, sarafu ikiwa mkononi mwake. Usimuulize "hii ni nini?" kwa maana hilo ameshaliandika. Muulize "ulijuaje?" Mzee alitueleza kuwa alianza kushuku siku alipoweka heleri 20 mbili kando ya dirisha, akaona taji haya hayalingani: moja kubwa, jingine dogo. Akageuza upande wa pili. Kwenye neno HELLER, sarafu moja ncha za L zilikuwa kali. Nyingine ncha ya L ya pili ilikuwa imejikunja. Baadaye akapata yenye L zote mbili zilizojikunja. Jinsi alivyoanza kushuku haimo kwenye bahasha yoyote. Ingezikwa naye.

HATUA YA 5. Tenganisha alichogundua na alichosoma. Najua wengine mnaona haya kumuuliza mtu mzima swali hili. Muulizeni. Aina za taji na L zilikuwa zimeshaorodheshwa kwenye katalogi za nje, ingawa Mzee aliziona kwa macho yake kabla hajapata katalogi yoyote. Tumeandika hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Kilicho chake ni orodha ya mahali: ipi ilitoka kijiji kipi kando ya reli, nani aliitunza, na kwa nini hakuitumia. Hilo katalogi tulizonazo hazina. Ukimsifia kwa kisicho chake, siku mtu akigundua atatilia shaka hata kilicho chake.

Na hivi ndivyo wenzetu duniani wanavyoenziana. Ukiona tangazo la mnada limeandika "J. 728" chini ya rupia 15 ya tembo, hiyo J ni Kurt Jaeger, aliyepanga sarafu za Ujerumani na makoloni yake. "KM" ni Krause na Mishler, waliopanga katalogi ya sarafu za dunia. Kila sarafu inapouzwa, majina yao yanatajwa pamoja nayo. Vivyo hivyo huwezi kuandika juu ya sarafu za masultani wa Kilwa ukamruka John Walker wa Makumbusho ya Uingereza, aliyezipanga mwaka 1936, au Freeman-Grenville aliyemfuatia. Sisi tumempa Mzee orodha yake na namba zake, na kila anayetumia taarifa zake tunamtaka aandike namba hiyo pamoja na jina.

HATUA YA 6. Chapisha kijitabu. Chembamba kinatosha. Namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

HATUA YA 7. Sambaza nakala: maktaba ya mkoa, Makumbusho ya Taifa, familia, na moja kwa kila aliyetoa sarafu au habari.

HATUA YA 8. Siku yenyewe: kanzu, pilau, picha ya pamoja. Mwacheni azungumze kwanza, kabla ya wageni rasmi.

Mkitaka kumpigia medali, ni heshima kubwa na mafundi wapo. Ila msinakili sarafu ya tembo. Za bandia zimejaa sokoni tayari, na medali yenu ikishapita mikono kadhaa itauzwa kama ya kweli. Chongeni kitu kingine kabisa, na jina lake lisomeke wazi.

MASWALI

Chuma_Chakavu: Mkuu mi ninayo ya tembo, nauza wapi na bei gani?

Jibu: Somo hili si la bei.

Chuma_Chakavu: Sasa kuna ubaya gani kuuliza?

Jibu: Hakuna. Ipime kwanza kwa mizani ya sonara: ya kweli ina gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni robo tatu. Ikipungua sana, umeshajibiwa. Bei fungua uzi mwingine.

Mpenda Maendeleo: Heshima kwako, lakini huyo ni fundi reli. Mtafiti si lazima awe na digrii? Mnakuza mambo.

Jibu: Chester Krause, ambaye herufi yake ndiyo K ya kwenye "KM", alikuwa seremala huko Iola, Wisconsin. Mwaka 1952 akaanzisha gazeti la Numismatic News, na katalogi zake leo ziko mikononi mwa wakusanyaji dunia nzima. Hakuna anayemuuliza cheti. Mtafiti anapimwa kwa kitu kimoja: je, mwingine akifuata maandishi yake atafika alikofika? Ya Mzee tumeyafuata, tukafika.

Nyota ya Kitete: Nimeshazisafisha za babu kwa limau kabla sijaona somo. Nifanyeje?

Jibu: Acha hapo hapo. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa laini kwa kubonyeza bila kusugua, kisha usiguse tena. Rangi ya zamani hairudi, na usijaribu kuirudisha kwa dawa. Halafu kaa na bibi leo hii, umuulize ni ipi ilitoka wapi, uandike. Hilo bado linaokoleka.

Binti Mwanga: Shikamoo kaka. Niko Kigoma. Baba alikuwa mtu wa reli, amefariki, sarafu ziliuzwa zamani. Limebaki daftari lake tu, limejaa namba na majina ya stesheni. Je, naye anaweza kuenziwa bila sarafu?

Jibu: Marahaba dada, na pole sana kwa msiba. Anaweza, tena vizuri. Kwa maelezo yako daftari hilo lina thamani kuliko sarafu zilizouzwa, maana sarafu za aina ile zipo kwingine, lakini aliyeandika stesheni kwa stesheni ni yeye peke yake. Piga picha kila ukurasa, hata ulio mtupu, kwa mpangilio wake. Nakili maandishi kama yalivyo, pamoja na makosa. Neno usilolisoma weka alama ya kuuliza, usikisie. Kisha tafuta wastaafu wenzake wakusaidie kutambua vifupisho vya majina. Ukikwama nitumie picha za kurasa mbili tatu, nitampelekea Mzee. Stesheni za kati anazijua zote, na atafurahi mno.

Binti Mwanga: Ahsante sana. Kuna ukurasa ameandika "T hafifu" mara nyingi. Ni nini?

Jibu: Nadhani ni herufi T ya Tabora ikiwa haikutoka vizuri. Mihuri ya kupigia ilitengenezwa papo hapo karakanani, kwa haraka ya vita, na muhuri ukichakaa alama ndogo ndizo hufifia kwanza. Kama baba yako alizihesabu, basi alikuwa anafuatilia uchakavu wa mihuri. Mzee hajawahi kufanya hilo! Tafadhali usilipoteze daftari hilo.

Mwanafunzi wa Milambo: Mwangaluka mwalimu. Hivi kweli mahali sarafu ilipookotwa pana uzito hivyo? Sarafu si inatembea popote?

Jibu: Mwangaluka. Inatembea, na safari yake ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kadhaa mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Akazihifadhi kwenye kopo. Mwaka 1979 akazipeleka zitambuliwe: nne za Kiholanzi, na tano za Kilwa, Kilwa hii yetu. Jambo lililofanya zisiwe mapambo tu ni kwamba alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani. Mwaka 2013 watafiti walirudi visiwani wakiifuata ramani yake. Zilifikaje huko bado wanabishana, lakini wana pa kuanzia.

Ujiji Pwani: Jirani ana sarafu za Kilwa alizopewa huko kusini. Tumtengenezee naye kijitabu?

Jibu: Taratibu. Vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Aende akaulize idara husika kabla ya kutangaza lolote, na asiuze. Hapa simaanishi heleri.

Mpenda Maendeleo: Nimesoma majibu yote. Swali la dhati sasa: daftari za mzee wetu zimeanza kuliwa na mchwa. Mnahifadhije ninyi mliopo Tabora?

Jibu: Swali zuri, na kwetu mchwa ni adui kuliko mwizi. Toa daftari kwenye sanduku la mbao. Weka kwenye trunki la bati, juu ya meza, miguu ya meza isiguse ukuta. Usizifunge daftari ndani ya plastiki: masika unyevu unabaki humo na kurasa zinaota ukungu. Zilizokwisha kuliwa usizibandike kwa selotepu, inageuka njano na kuvua wino. Zifunge kwa karatasi nyeupe tupu, moja moja, na upige picha leo kabla ya kesho.

Binti Mwanga: Naongezea: bibi yangu aliweka majani makavu ya mwarobaini kwenye trunki, nguo na vitabu vikadumu.

Jibu: Hata mke wa Mzee anafanya hivyo, ila ndani ya kimfuko cha kitambaa, majani yasigusane na karatasi. Yabadilishe yakiisha harufu.