Lmukutan na minyoo ya kondoo: usipime dawa kwa kutazama kinyesi

Kwa Wasamburu, gome la lmukutan (Wamaasai huuita mti huo olmukutan) ni dawa ya minyoo ya tangu zamani. Hupondwa, hulowekwa au kuchemshwa, kisha maji yake yakachujwa na mnyama akanyweshwa. Baadaye mchungaji akiona vipande vyeupe bapa kwenye kinyesi, huhesabu kazi imekwisha.

Kosa liko hapo. Vipande hivyo ni vya tegu, na tegu hamdhuru sana kondoo mkubwa. Anayeua ni Haemonchus, mnyoo mwembamba kama uzi wa sentimita 2 hadi 3 anayenyonya damu katika tumbo la nne, na huyo haonekani kwa kawaida kwenye kinyesi. Majaribio ya lmukutan dhidi ya minyoo ya namna hii yamepingana: pengine mayai ya minyoo kwenye kinyesi yalipungua sana, pengine hayakupungua.

Kwa hiyo anza na jicho. Vuta chini kope la chini, utazame utando wa ndani juani. Ukiwa mwekundu, mwache mnyama. Ukiwa mweupe, yaani damu imepungua, au kuna uvimbe laini chini ya taya, usimchemshie gome. Mpe dawa ya dukani siku hiyohiyo. Albendazole ya asilimia 2.5 kwa kondoo huwa mililita 2 kwa kila kilo 10, ila soma lebo, na usimpe mwenye mimba ya mwezi wa kwanza. Mbuzi huiondoa dawa mwilini haraka, kipimo chake muulize daktari wa mifugo.

Lmukutan ijaribu kwa wenye afya. Chagua kondoo 20 wa rika moja, 10 wanywe, 10 wasinywe. Gome likaushe kivulini, ulitwange, ulipime kwa mizani. Usipime kwa kiganja, viganja vya mtu na mtu havilingani, na dawa ikizidi huharisha vibaya. Unaponywesha, pua isipite usawa wa macho, la sivyo maji huingia mapafuni.

Chukua kinyesi moja kwa moja kutoka mkunduni kabla ya kunywesha na tena siku ya 14, kipelekwe maabara kikiwa baridi, mayai yahesabiwe. Bila wale 10 wasiokunywa, utaisifu lmukutan kwa kazi iliyofanywa na kiangazi.

Gome libandue upande mmoja tu wa shina. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mti unakauka.