SOMO: Kuzalisha plagini ya Wireshark ya kusoma mawasiliano ya kamera ya droni, pamoja na suala la leseni

Wakuu, "kamera imegoma kupiga picha, nitajuaje inajibu nini?" nimeulizwa PM hadi basi, hasa na wanaopiga picha mashamba ya zabibu kule Hombolo. Naliweka hapa mara moja. Tutatumia Wireshark, programu ya kunasa na kusoma data inayopita mtandaoni. Somo ni kwa kamera zinazotumia MAVLink, yaani lugha ya mawasiliano ya droni na vifaa vyake.

1. Weka Wireshark na Python.

2. `pip install pymavlink`

3. Pakua folda nzima ya message_definitions ya MAVLink, yenye faili za XML zinazoeleza kila ujumbe. Wengi wanachukua common.xml peke yake, halafu wanalalamika. Faili hilo linaiita standard.xml, nayo inaiita minimal.xml yenye HEARTBEAT, ujumbe wa kuonyesha kifaa kiko hai. Likikosekana moja, kazi imekwama. Kamera yenye ujumbe wake wa ziada ina XML yake, mdai aliyekuuzia. ONYO: usiandike Lua (lugha ya plagini hii) kwa mkono kwa kufuata mpangilio wa XML. MAVLink hupanga upya data kabla ya kutuma, aina kubwa zikitangulia. Utasoma baiti za jirani, na namba zitaonekana za kweli kabisa!

4. Zalisha plagini kwa mavgen.py, inayokuja na pymavlink: `mavgen.py --lang=WLua --wire-protocol=2.0 --output=kamera message_definitions/v1.0/common.xml`

5. Weka kamera.lua kwenye folda ya Personal Lua Plugins, kisha Ctrl+Shift+L.

6. Chuja kwa `mavlink_proto`. Tafuta COMMAND_LONG (ujumbe wa kutuma amri) yenye amri 2000, ndiyo ya kupiga picha, kisha COMMAND_ACK yake, yaani jibu la kamera. Jibu 0, imekubali. Jibu 3, kamera haiijui amri hiyo.

LESENI: XML na msimbo unaozalishwa ni MIT (leseni huru inayotaka tu tamko lake libaki), Wireshark ni GPL toleo la 2 au la baadaye (leseni huru inayotaka unachogawa kibaki huru). Ukitumia ofisini kwako tu, hudaiwi chochote. Ukigawa nje, igawe kwa GPL na uache tamko la MIT lilivyo. Watu wametupa kazi yao bure, kufuta majina yao ni dhuluma.

Kizota_Tech: Mkuu nitumie faili lililo tayari, yangu haionyeshi kitu.

Mleta somo: Poti gani? XML ipi? Kama si 14550, ongeza poti yako mwishoni mwa kamera.lua.

BintiChamwino: Shikamoo kaka. Ujumbe uleule, mbona pakiti nyingine ni fupi? Data inapotea?

Mleta somo: Marahaba dada, umeangalia vizuri. Haipotei. MAVLink 2 hukata sifuri za mwisho, mpokeaji anazirudisha. Tazama baiti ya kwanza: FD ni toleo la 2, FE ni la 1, ambalo halikati.

BintiChamwino: Na nikimuuzia mteja hiyo plagini?

Mleta somo: Uza tu, GPL haikatazi. Ila huwezi kumzuia asiigawe wala kuibadilisha.

mdau_wa_Kondoa: Shambani laptop yangu inajaa haraka.

Mleta somo: Rekodi kwa mzunguko kwa tshark, Wireshark ya kuandika amri, faili la zamani linafutika lenyewe:
`tshark -i wlan0 -f "udp port 14550" -b filesize:10000 -b files:20 -w kamera.pcapng`