Somo: Shotis puri, mkate wa Jojia unaobandikwa ukutani

Leo tunaoka shotis puri, mkate wa ncha mbili wa Jojia, nchi ya milima ya Kaukasi. Kwao mkate ni puri, na tanuri lake la udongo ni tone, jina lisilo mbali na tanuri letu. Ni kama pipa la udongo: moto chini, mdomo juu. Waliozoea mkate wa mofa wa pwani wataelewa upesi, maana donge hubandikwa ukutani.

Mahitaji: nusu kilo ya unga mweupe wa ngano, maji vuguvugu mililita 340, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, hamira kijiko kimoja. Mafuta, sukari na maziwa hayamo, nawaomba msiongeze. Wazee wa kule hutumia puris deda, yaani mama wa mkate: kipande cha donge la jana.

1. Kanda dakika 10. Donge linate kidogo mkononi. Lifunike hadi liumuke mara mbili, kisha gawa madonge matatu na uyapumzishe dakika 20.

2. Washa tanuri mapema. Huko Kakheti, mashariki, kuni ni matawi makavu ya mizabibu iliyopogolewa. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa haraka. Ukuta utaanza kuwa mweusi kwa masizi, ngoja. Moto ukikolea, masizi yenyewe yataungua na ukuta utarudi kuwa mweupe. Sasa acha moto ushuke uwe makaa, unyunyize ukuta maji ya chumvi. Ukiwa mkali mno, mgongo wa mkate utaungua na uso ungali mbichi. Ukiwa umepoa, donge litadondoka majivuni.

3. Vuta donge ncha mbili kama mtumbwi, toboa tundu katikati mvuke upate pa kutokea. Lowesha mgongo kwa maji ya chumvi, ubandike kwa mpigo mmoja, bila kusitasita. Waokaji wa kule huinama mpaka kichwa na mabega vikaingia ndani. Wewe funga nywele na uvae mikono mirefu.

Baada ya dakika 5 hadi 8, uubandue kwa chuma kirefu chenye ndoano. Uleni moto, kwa jibini au lobio, maharage yao yenye giligilani.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nakaa ghorofani, sina tanuri.
– Marahaba. Geuza kikaango kizito cha chuma kifudifudi ndani ya oveni, upashe nyuzi 250 kwa dakika 40, kisha weka donge juu yake. Ukoko utaupata, ila harufu ya udongo na moshi hutaipata.

Wangu ulidondoka mara mbili na ukuta ulikuwa mweupe!
– Bila shaka mgongo ulibaki na unga mkavu, dada. Upanguse kwanza, ndipo uloweshe.

Naweza kutumia atta?
– Robo tu ya unga wote. Pumba zikizidi, donge hukatika unapolivuta.

Kwa nini ncha?
– Ncha nyembamba hukauka zikawa za kutafuna kwa kelele, katikati pakabaki laini. Nyumbani kwangu ncha huisha kabla mkate haujafika mezani.

Mkate ukilala je?
– Upitishie maji kwa mkono, uurudishe kwenye moto dakika mbili.