Umefukuzwa kazi kionevu na wewe umeokoka? Fanya hivi

Wapendwa wa Tanzania Bara mlioajiriwa, hii inawahusu. Mtu anafukuzwa kazi bila barua, bila hata kusikilizwa, akifika kanisani anaambiwa nyamaza, Bwana atakupigania. Sawa, ipo, Kutoka 14:14. Ila shuka mstari mmoja tu uone Mungu anamwambia Musa mbona unanililia, waambie watu waendelee mbele.

Siku hiyo hiyo usijibu kitu. Usitume voisi kwenye grupu la kazini wala usiweke stetasi ya mafumbo, hizo za mafumbo ndo mbaya kabisa maana watu wanaskrinishoti na kesho ndo ushahidi dhidi yako. Lia mbele za Mungu, Zaburi zimejaa vilio vya walioonewa. Wakikuletea karatasi eti umeacha kazi kwa hiari yako, usisaini. Mkataba, salari slipu, meseji, vyote tunza kopi kwako nyumbani.

Halafu uliza kwa maandishi, kwa adabu. Yesu alipopigwa kofi na askari hakurudisha, ila hakunyamaza pia, alimuuliza kama nimesema vema wanipigia nini? (Yohana 18:23). Na barua yako iwe hivyo hivyo, kosa langu ni lipi na ushahidi uko wapi, basi, matusi ya nini.

Kama bosi ni mkristo mwenzio anza na Mathayo 18, mfuate peke yako, akigoma nenda na mtu mmoja au wawili, akigoma tena mzee wa kanisa ajue. Lakini jamani angalieni kalenda, vikao vya wazee havisimamishi siku za sheria!

Maana kesi ya kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa uipeleke CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu uachishwe, madai mengine kama mshahara ni siku 60. Unajaza fomu namba 1, kopi unampa mwajiri na unabaki na uthibitisho kwamba kapokea, ndo unaipeleka tume. Wanaanza na usuluhishi, mnakaa mezani mnaongea, na kwangu mimi hapo ndo pazuri zaidi kwa mwamini, mkishindwana ndo inaenda kwenye uamuzi.

Wanaosema kudai haki ni kukosa msamaha wasome Matendo 16. Paulo na Sila walichapwa viboko Filipi bila kesi, usiku ule ule wakambatiza mlinzi aliyewafunga miguu na wakala kwake, asubuhi wakubwa wa mji wakasema waachieni waende zao, Paulo akagoma, waje wenyewe watutoe. Kusamehe kupo na kudai kupo, usiku ule na asubuhi yake.

Kwa hiyo muombee bosi kwa jina kabisa, na mkikutana kwenye korido pale CMA msalimie, halafu ingia ndani udai notisi yako, likizo yako na cheti chako cha utumishi.