Paka wa makao na mafua yake: siku 14 za kwanza

Ukimchukua paka kutoka makao ya wanyama, mtenge kwenye chumba chake siku 14, hata kama anaonekana mzima. Virusi vya hapesi ya paka, ambavyo huleta mafua, hubaki mwilini maisha yote, na mshtuko wa kuhama tu unatosha kuviamsha: chafya, macho yenye tongotongo, pua imeziba.

Pua ikiziba hasikii harufu, na paka asiyesikia harufu hali. Pasha chakula laini kiwe vuguvugu, dagaa wasio na chumvi wanafaa sana, na umfute pua kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Akipitisha saa 24 bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Tafadhali usimpe panadol: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Vyombo vioshe kwa sabuni, suuza, kisha loweka dakika 10 kwenye jiki, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji. Uchafu ukibaki, jiki haifanyi kazi. Paka wako wa zamani mhudumie kwanza, mgeni baadaye, na unawe mikono. Virusi hivi havimwambukizi binadamu, ila mikono na nguo zako huvisafirisha.